Maswali ya Wasomaji: CT au MRI?

Barua tulizochagua safari hii zinahusu vipimo viwili ambavyo kwa macho vinafanana. Unalala juu ya kitanda chembamba, kitanda kinaingia kwenye tundu la mashine, unaambiwa usitikisike. Kwa sababu hiyo wengi hudhani MRI ni CT iliyoboreshwa. Majibu yameandaliwa na wataalamu wetu wa radiolojia.

Swali: *Nina maumivu ya kiuno yanayoteremka mguu wa kushoto hadi kwenye vidole, sasa ni wiki ya tatu. Daktari aliniandikia MRI. Kituoni niliambiwa foleni ya MRI ni ndefu, basi nifanye CT kwa kuwa ni kitu kilekile. Ni kweli? Na kipi bora?*

Jibu: Si kitu kilekile, na mtu wa mapokezi hakupaswa kubadilisha kipimo bila kumuuliza daktari aliyekiandika.

CT ni eksirei. Bomba la mionzi linauzunguka mwili wako, upande wa pili vipokezi vinapima mionzi iliyopenya, na kompyuta inakokotoa kila nukta ya mwili imezuia mionzi kwa kiasi gani. Kila nukta hupewa namba kwenye kipimo chenye jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Uingereza aliyebuni mashine iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza jijini London mwaka 1971. Maji ni 0, hewa ni -1000, mafuta ni kama -100, damu iliyoganda karibuni ni 60 hadi 80, na mfupa mgumu hufika 1000 au zaidi. Namba hizo zinatosha kukuonyesha ubora wa CT uko wapi: mfupa uliovunjika, mapafu, damu iliyovuja, vijiwe vya figo, hewa iliyotoroka kwenye utumbo uliotoboka. Zinaonyesha pia udhaifu wake. Diski, neva na kano huzuia mionzi kwa viwango vinavyokaribiana mno, hivyo kwenye picha zote huwa za kijivu, na mpaka kati yake ni hafifu.

MRI haina mionzi ya aina hiyo kabisa. Inatumia sumaku, kwa kawaida ya tesla 1.5 au 3. Nguvu ya sumaku ya dunia ni takribani tesla 0.00005, kwa hiyo ile ya 1.5 inaizidi mara 30,000 hivi. Ndani ya sumaku hiyo, viini vya hidrojeni vilivyomo kwenye maji na mafuta ya mwili hujipanga. Mashine huvisukuma kwa mawimbi ya redio (kwenye tesla 1.5 ni megahezi 64 hivi), kisha husikiliza ishara vinayoirudisha vikitulia. Maji ya uti wa mgongo hutulia taratibu, mafuta hutulia haraka, na diski iliyokauka hutoa ishara tofauti na diski yenye maji. Kwa kubadilisha muda wa kusukuma na kusikiliza, fundi hupata picha za aina mbalimbali za sehemu ileile. Katika picha ya T2 maji hung'aa, na katika ile ya T1 mafuta ndiyo yanayong'aa zaidi huku maji yakiwa meusi.

Sasa turudi kwenye mguu wako. Maumivu yanayoteremka namna hiyo huashiria mzizi wa neva uliobanwa au kuchokozwa. MRI itaonyesha diski, neva yenyewe, uboho wa pingili, na usaha kama upo. CT inaweza kuonyesha diski iliyotokeza sana, pingili iliyovunjika, au mfereji uliobanwa na mfupa. Ikitoka safi, bado haijaondoa shaka kuhusu neva. Kwa mgonjwa asiyeweza kabisa kuingia kwenye MRI, ipo njia ya kuingiza dawa ya kontrasti (inayofanya sehemu ionekane wazi zaidi kwenye picha) ndani ya maji ya uti wa mgongo kisha kupiga CT, lakini hiyo inahitaji sindano ya mgongoni na hatuifanyi kwa ajili ya kukwepa foleni tu.

Tena, katika wiki ya tatu huenda foleni hiyo haikudhuru. Maumivu mengi ya aina hii hupungua ndani ya wiki sita, na diski zilizotokeza huonekana hata kwa watu wasio na maumivu yoyote, kwa hiyo picha ya mapema mara nyingi haibadilishi tiba. Hali ni tofauti kabisa ukipata ganzi sehemu za siri na makalio, mkojo ukikataa kutoka au choo kikitoka bila kujizuia, mguu ukizidi kukosa nguvu, ukiwa na homa, au kama umewahi kuugua saratani. Ganzi ya makalio au mkojo uliozuilika ni dharura ya siku hiyohiyo. Usiingie kwenye foleni ya kituo cha picha. Nenda idara ya dharura, na MRI itaombwa kutoka huko.

Swali: *Baba yetu aliamka asubuhi upande wa kulia umepooza na maneno hayatoki vizuri. CT ya kichwa ikaonekana safi, lakini madaktari wakasema ni kiharusi. Siku ya pili CT ikarudiwa, na sasa kiharusi kikaonekana. Je, mara ya kwanza walikosea? Kwa nini hawakuanza na MRI?*

Jibu: Poleni sana kwa kuuguza. Kwa maelezo mliyotupa, CT ya kwanza ilifanya kazi iliyotumwa kufanya.

Kiharusi hutokana na mshipa ulioziba au mshipa uliopasuka, na dalili za nje zinaweza kufanana kabisa. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu inaweza kumwokoa wa kwanza na kumuua wa pili. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa ni moja: kuna damu iliyovuja ndani ya kichwa? CT bila dawa ya kontrasti hulijibu kwa upigaji wa sekunde chache, kwa sababu damu iliyotoka karibuni ni nyeupe waziwazi pembeni ya ubongo wa kijivu. "Safi" katika ripoti ile ilimaanisha hakuna damu.

Mshipa ulioziba hauonekani upesi hivyo. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu huanza kunyonya maji, na ongezeko la asilimia 1 ya maji hushusha namba ya CT kwa vizio 2 au 3 tu. Jicho la mtaalamu huweza kuona alama za mapema, kwa mfano mpaka kati ya ubongo mweupe na wa kijivu kufifia, ila katika saa za mwanzo picha nyingi huonekana za kawaida. Baada ya saa 24 eneo lile huwa jeusi vya kutosha, ndiyo maana CT ya pili ikalionyesha.

MRI ina picha maalumu inayopima jinsi maji yanavyosambaa kati ya seli, huitwa DWI. Seli zikikosa damu huvimba, maji hushindwa kusogea, na eneo hung'aa ndani ya dakika chache hadi saa moja. Kwa kutambua kiharusi cha kuziba, hasa kidogo au cha shina la ubongo ambako mifupa minene ya fuvu huichafua picha ya CT kwa michirizi, MRI haina mpinzani. Lakini inachukua muda mrefu zaidi, mgonjwa anapaswa kutulia, na lazima mtu ajibu maswali ya vyuma mwilini. Mgonjwa asiyeweza kusema hawezi kuyajibu. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na kila dakika ubongo unaendelea kufa.

Kwa aliyeamka na kiharusi, saa huhesabiwa tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho, na hapo wengi huwa wamepitiliza. Hapa ndipo MRI inaweza kusaidia kwa namna ambayo CT ya kawaida haiwezi. Ikiwa DWI imeng'aa ilhali picha nyingine iitwayo FLAIR bado ni ya kawaida, kuna uwezekano mkubwa kwamba kiharusi bado hakijazidi saa 4.5, na baadhi ya hospitali hutoa dawa kwa msingi huo. Zipo pia hospitali zinazoweza kulitoa bonge kwa mrija hadi saa 24 kwa wagonjwa wanaofaa, baada ya CT ya mishipa yenye kontrasti. Haya yote hutegemea vifaa na watu waliopo usiku huo, na familia ina haki ya kuuliza.

Jambo moja la kukumbuka nyumbani: maumivu makali ya kichwa yanayofika kilele ghafla, ndani ya dakika moja, yanahitaji CT mapema. Damu iliyovuja juu ya uso wa ubongo huonekana vizuri zaidi ndani ya saa 6 za mwanzo, kisha huanza kufifia. Ukienda baada ya siku kadhaa, CT safi haitoshi, na huenda ukahitaji kutolewa maji ya mgongo.

Swali: *Shikamoo daktari. Nimepigwa CT mbili za tumbo mwaka huu, na sasa naambiwa ya tatu. Mwisho ni ngapi kwa mwaka? Na mwanangu wa miaka mitano, alipigwa ya kichwa alipoanguka.*

Jibu: Marahaba. Kwa mgonjwa hakuna idadi ya mwisho. Kinachotakiwa ni kila picha iwe na sababu yake.

Mionzi inayofika mwilini hupimwa kwa milisiverti. Kila binadamu hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Eksirei moja ya kifua ni 0.1 au pungufu. CT ya kichwa ni kama 2, ya kifua kama 6, ya tumbo na nyonga kama 8 hadi 10. Makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba milisiverti 10 huweza kuongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa mtu mzima 1 kati ya 2,000, juu ya ule alio nao kila mtu. Ni mdogo, lakini upo. Ukiwa na ugonjwa unaohitaji kufuatiliwa, kutopiga picha ni hatari zaidi.

Unachoweza kuuliza ni hiki: tumbo litapigwa mara ngapi katika safari hiyo moja? Wakati mwingine hupigwa kabla ya dawa ya kontrasti, kisha dawa ikiwa kwenye ateri, kisha ikiwa kwenye vena. Awamu tatu ni karibu mara tatu ya mionzi. Kwa uvimbe wa ini awamu hizo zina maana kubwa. Kwa kufuatilia jipu lililokwisha kutibiwa, mara nyingi moja inatosha, na pengine ultrasaundi peke yake itafaa.

Watoto huumia zaidi na mionzi kwa sababu seli zao zinagawanyika kwa kasi na wana miaka mingi mbele. Mashine hurekebishwa kulingana na umri na uzito wao, nawe uliza kama imefanyika. Picha moja ya kichwa isikukoseshe usingizi. Siku nyingine, mtoto akianguka lakini hakuzimia, hatapiki mfululizo, anacheza na kuongea kama kawaida, daktari anaweza kuchagua kumtazama kwa saa kadhaa badala ya kumpiga CT. Hiyo si kumpuuza.

Swali: *Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na nina bamba kwenye paja tangu nilipovunjika. Nimeandikiwa MRI ya goti. Mke wangu naye ana kitanzi cha shaba na ameandikiwa MRI ya kichwa. Tuko salama?*

Jibu: Kinachotutia wasiwasi hapo ni macho yako, na hukuyauliza.

Watu wanaochomelea, kusaga au kugonga vyuma huweza kuwa na kipande kidogo sana jichoni bila kujua. Sumaku ikikivuta au kukigeuza, kinaweza kuikata retina na kukupofusha. Kwa hiyo sema kazi yako kabla ya lolote. Ukiwa umewahi kuingiwa na chuma jichoni, utapigwa kwanza eksirei ya macho. Ikiwa safi, utaendelea.

Bamba la pajani, kama ni la titani, halina shida. Hata mabamba ya chuma cha pua cha upasuaji kwa kawaida hayavutwi kwa nguvu na yameshikwa na mfupa. Kinachoharibika ni picha: sehemu iliyo karibu na chuma hugeuka shimo jeusi na kupinda. Bamba likiwa juu pajani, goti litasomeka; likishuka hadi karibu na goti, mwambie fundi mapema atumie mipangilio ya kupunguza athari hiyo. Njoo na kadi au karatasi ya upasuaji. Kitanzi cha shaba hakizuii MRI ya tesla 1.5 wala 3.

Vingine vina masharti makali zaidi. Pesimeka (vifaa vya kuongoza mapigo ya moyo) za zamani haziruhusiwi kwa kawaida. Nyingi za sasa huruhusiwa kwa masharti, yaani kifaa kibadilishwe mpangilio kabla ya kuingia, moyo ufuatiliwe muda wote, kisha kirudishwe kama kilivyokuwa. Klipu ya mshipa wa ubongo lazima ijulikane jina na aina yake kamili, na kifaa cha kusikia kilichopandikizwa vivyo hivyo. Ikiwa hakuna aliye na uhakika, jibu sahihi ni kuahirisha. Muulize aliyekuandikia kama CT inaweza kujibu sehemu ya swali.

Watu hupitiwa pia na vitu vidogo. Vipodozi vya macho vyenye chembe za chuma, bandiko la dawa lenye karatasi ya metali mgongoni, nguo za michezo zenye nyuzi za fedha, vibanio na nywele za kuongezea zilizofungwa kwa vishikizo vya chuma: vyote vinaweza kupata moto au kuharibu picha. Usikunje mikono ikagusana, wala usipishanishe miguu. Ngozi ikigusana na ngozi hutengeneza mzunguko ambao mkondo wa umeme hupita, na watu wameungua kwa njia hiyo.

Sumaku haizimwi jioni. Iko hai usiku, iko hai umeme ukikatika, kwa sababu nyaya zake zimezamishwa kwenye heli ya majimaji yenye nyuzi -269 na mkondo unazunguka humo bila ukinzani. Mtungi wa kawaida wa oksijeni ukiingizwa chumbani huruka kama kombora. Msindikizaji anayekimbilia ndani kumsaidia mgonjwa ni hatari kubwa kuliko mashine yenyewe. Kwenye CT chuma hakikudhuru, huleta michirizi tu kwenye picha.

Swali: *Nina kisukari na natumia metformini. Nitapigwa CT ya tumbo yenye dawa ya kontrasti. Nimesikia inaua figo, na kwamba asiyekula samaki wa baharini haruhusiwi.*

Jibu: La samaki liache. Mzio wa vyakula vya baharini hutokana na protini zake, si iodini iliyomo kwenye dawa. Kinachotuhusu ni kama uliwahi kupata mzio wa dawa hiyohiyo ya kontrasti. Hilo lazima ulitaje.

Kuhusu figo, pima kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo) kabla na uangalie namba inayoandikwa eGFR, yaani makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu. Ikiwa 30 au zaidi na figo hazijaumia ghafla karibuni, wataalamu wengi huruhusu dawa bila kusimamisha metformini. Ikiwa chini ya 30, metformini husimamishwa siku ya kipimo, na hurudishwa baada ya saa 48 figo zikipimwa na kuonekana hazijashuka. Tatizo ni kwamba figo zikidorora, metformini hujilimbikiza na damu huwa na asidi. Kunywa maji ya kutosha kabla na baada, isipokuwa kama umezuiwa maji kwa ajili ya moyo.

Dawa yenyewe ni mililita 50 hadi 150, husukumwa kwa pampu, mara nyingi mililita 3 hadi 5 kwa sekunde. Utahisi joto likienea mwilini, ladha ya chuma mdomoni, na utadhani umejikojolea. Hujajikojolea, na hupita ndani ya dakika moja. Mkono ukiuma na kuvimba pale kanula (kimrija kilichoingizwa mshipani) ilipo, piga kelele palepale: dawa inavuja nje ya mshipa. Ngozi ikiwasha, koo likibana au pumzi ikikata, sema mara moja. Ndiyo maana hutakiwi kuondoka kwa dakika 15 hadi 30 baada ya sindano.

MRI hutumia dawa nyingine, ya gadolini, kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa figo dhaifu sana, baadhi ya aina za zamani zilisababisha ugonjwa mbaya wa kukakamaa ngozi, hivyo uliza kama wanatumia aina salama zaidi.

Swali: *Nina ujauzito wa miezi mitano. Kipi kinaruhusiwa?*

Jibu: MRI bila gadolini inaruhusiwa pale inapohitajika, na ultrasaundi huja kwanza. CT ya kichwa au kifua humfikishia mtoto mionzi kidogo mno. Usiikatae ukipata ajali au ikishukiwa bonge la damu kwenye mapafu. CT ya tumbo hupimwa kwa uzito wa tatizo.

Swali: *Nilitoka ndani ya MRI baada ya dakika tano kwa hofu. Nifanyeje nirudi?*

Jibu: Rudi, na useme mapema, usisubiri hadi ulale kitandani. Tundu la mashine nyingi lina upana wa sentimita 60. Zipo za 70, nazo kwa mwenye hofu zinaleta tofauti kubwa. Kwa goti au kifundo cha mguu unaweza kuingia miguu kwanza, kichwa kikabaki nje au karibu na mlango. Funga macho kwa kitambaa kabla ya kuingia, maana wengi huanza kuhofu wanapoyafungua na kuona ukuta mbele ya pua.

Kelele hutoka kwenye koili zinazotetemeka, na huweza kuzidi desibeli 100, hivyo usikubali kuingia bila vizibo vya masikio. Kipimo kizima ni dakika 20 hadi 60, lakini kimegawanywa katika vipande vya dakika 2 hadi 6. Mwombe fundi akutajie urefu wa kila kipande kabla ya kukianza. Ukitikisika, kinachoharibika ni kipande hicho tu, na kinaweza kurudiwa. Vuta pumzi ndefu au kohoa katika mapumziko, si kelele zikiendelea. Una kipira cha kubonyeza mkononi, na ukikibonyeza watakutoa. Haya yakishindikana, daktari anaweza kukupa dawa ya kutuliza. Hapo njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani, na ufuate masharti ya kufunga utakayopewa.

Swali: *Baada ya CT nilipewa filamu mbili na ripoti ya ukurasa mmoja. Hospitali nyingine wanataka nirudie kipimo. Kwa nini?*

Jibu: Kwa sababu CT moja ina picha mamia, na filamu zinabeba chache zilizochaguliwa. Juu ya filamu daktari hawezi kubadilisha mwanga ili mapafu yaonekane, kisha abadilishe tena ili mifupa ionekane. Kwenye kompyuta hufanya hivyo kwa sekunde. Kabla ya kurudia, rudi kituo cha kwanza uombe picha zote katika mfumo wa DICOM (mfumo wa kidijitali wa picha za hospitali), kwenye diski, flashi au kwa kiungo cha mtandaoni. Hospitali ya pili ikizifungua, mara nyingi haihitaji tena kukupiga mionzi. Wape pia picha zako za miaka iliyopita kama unazo: uvimbe wa mapafu wa milimita 5 ambao ulikuwepo vilevile miaka mitatu nyuma husomwa tofauti kabisa na ule uliotokea mwezi jana.